Mbolea ikipanda bei, mbona tunasahau marejea?

KILA mwaka ifikapo Agosti, kabla mvua za msimu A hazijaanza, mazungumzo katika njia ya Mugina na Manyovu huwa ni yale yale. Mfuko wa mbolea ni bei gani upande ule? Na upande huu umefika au bado? Wafanyabiashara wadogo wanaovuka na mchele, dagaa na vitenge huulizwa habari za urea kana kwamba wao ndio wizara ya kilimo.

Mazungumzo hayo yalipamba moto mwaka 2022. Aprili mwaka huo bei ya tani moja ya urea katika soko la dunia ilipita dola 900. Sababu zake zinajulikana. Urea hutengenezwa kwa gesi asilia, na gesi ilikuwa imepanda bei tangu 2021. Oktoba mwaka huo China ikabana uuzaji wa mbolea yake nje. Februari 2022 vita vya Urusi na Ukraine vikaanza, na Urusi ni miongoni mwa wauzaji wakubwa wa mbolea duniani. Mkulima wa Mabanda au Kasulu hakuwa na neno katika lolote kati ya hayo, lakini ndiye aliyelipa.

Kila serikali ilijibu kwa namna yake. Tanzania ilitangaza ruzuku Agosti 2022, na mfuko wa kilo 50 wa urea au DAP, uliokuwa umevuka shilingi 120,000, ukateremshwa hadi shilingi 70,000 kwa mkulima aliyejiandikisha. Burundi ilikuwa tayari na mpango wake wa taifa wa ruzuku ya mbolea tangu 2012. Nchi mbili, ruzuku mbili, bei mbili, na katikati ni mpaka wenye vichochoro vingi. Msomaji wa ukurasa huu hahitaji kuelezwa kinachotokea hapo. Mbolea ya ruzuku haikukusudiwa kuvuka mpaka, na anayeivusha anacheza na mali yake pamoja na uhuru wake.

Lakini leo sitaki kuzungumzia magendo. Nataka kuuliza swali lililo nyuma yake: kwa nini mavuno yetu yamefungwa kwenye mfuko mmoja unaotoka mbali, huku mmea unaoweza kutupunguzia mzigo huo tuliufahamu tangu tukiwa ukimbizini?

Lori linapovuka limebeba nini?

Tuanze na hesabu ambayo wafanyabiashara wenzangu hawajazoea kuipiga. Punje za mahindi zina nitrojeni karibu kilo moja na nusu katika kila kilo mia. Maana yake lori la tani 10 linapovuka mpaka limebeba kilo 150 hivi za nitrojeni iliyochotwa katika ardhi ya mtu. Mfuko wa kilo 50 wa urea una kilo 23 za nitrojeni. Kwa hiyo lori hilo limeondoka na mifuko sita na nusu ya urea, na hakuna afisa wa forodha aliyeiandika popote.

Biashara hiyo si mbaya. Bila mahindi na mchele unaovuka mpaka, miji yetu ingelala njaa miezi kadhaa kila mwaka. Ila ardhi inayotoa bila kurudishiwa hufilisika kama duka linalouza bila kununua bidhaa mpya. Mahindi yenye majani ya njano na magunzi ya urefu wa kidole gumba, ambayo sote tunayaona vilimani, ndiyo taarifa ya kufilisika huko.

Viongozi wa Afrika wanalijua jambo hili. Mwaka 2006 mjini Abuja waliahidi kwamba kufikia 2015 matumizi ya mbolea yangefika kilo 50 za virutubisho kwa hekta. Lengo hilo halikufikiwa. Mei 2024 walikutana tena, safari hii Nairobi, na jina la mkutano likaongezewa maneno mawili: afya ya udongo. Nyongeza hiyo ni ya maana. Inakiri kwamba mfuko peke yake hautoshi, kwa kuwa udongo usio na mboji huipoteza mbolea kama gunia lililotoboka.

Mmea wenye jina letu

Nilisoma shule ya msingi katika makazi ya Mishamo, upande wa Mpanda, na kama shule nyingi za Tanzania wakati ule tulikuwa na shamba la shule. Mwalimu wetu wa kilimo alitupandisha mmea mwembamba wenye maua ya njano na maganda yanayolia kama kayamba yakikauka. Uliitwa marejea. Tulichoka na swali moja: tunapalilia kitu kisicholiwa kwa faida ya nani? Jibu lake lilikuwa fupi. Alisema huo ni mshahara wa udongo.

Marejea ni aina ya krotalaria, na ni jamii ya mikunde. Katika miaka ya 1980 wamisionari Wabenediktini wa Peramiho, karibu na Songea, waliyatangaza sana miongoni mwa wakulima wa Tanzania, na mbegu zikasambaa mbali. Jinsi yanavyofanya kazi hakuna uchawi. Hewa tunayovuta ni nitrojeni kwa asilimia 78, ila mahindi hayana uwezo wa kuila yakiwa yamezungukwa nayo. Mizizi ya mikunde hukaribisha bakteria wadogo wanaojenga vinundu, na ndani ya vinundu hivyo nitrojeni ya hewa hugeuzwa kuwa chakula cha mmea. Mkulima anaweza kuhakikisha mwenyewe: ang'oe mmea taratibu, apasue kinundu kwa ukucha. Kikiwa chekundu ndani, kazi inafanyika. Kikiwa cheupe au cha kijivu, mmea umekaa bure.

Ukiukata mmea huo unapoanza kutoa maua na kuuchanganya na udongo, unaoza na kuwaachia mahindi, mtama au mpunga chakula hicho. Hiyo ndiyo inayoitwa mbolea ya kijani. Marejea si pekee. Kuna mukuna, ndugu wa upupu asiyewasha, anayetambaa na kuyafunika magugu yote. Kuna fiwi, ambazo punje na majani yake huliwa. Kuna mbaazi, kunde na soya.

Sasa tuweke namba. Robo hekta ya marejea yaliyostawi wastani inaweza kutoa tani moja ya majani na mabua makavu. Ndani yake kuna nitrojeni ya kilo 25 hadi 30, yaani zaidi kidogo ya mfuko mmoja wa urea. Msomaji asikimbilie kufurahi. Mahindi ya msimu wa kwanza hupata sehemu tu ya hizo, mara nyingi chini ya theluthi. Nyingine hubaki katika mboji kwa misimu inayofuata, na nyingine hupotea. Anayekwambia kwamba marejea ni urea ya bure anakudanganya. Yanafanana zaidi na akiba ya benki kuliko fedha taslimu.

Mbona wengi waliacha?

Hapa ndipo penye kiini. Kama mmea huu ni mzuri hivyo, kwa nini ukitembea kutoka Makamba hadi Rutana huuoni isipokuwa mahali pachache? Wataalamu wengi hujibu kwamba wakulima hawajaelimishwa. Mimi ni mwalimu, na sikubaliani nao. Wakulima wengi walielewa vizuri, wakapiga hesabu, wakaacha.

Sababu ya kwanza ni tumbo. Kaya ya kawaida ya Burundi ina ardhi ya kama nusu hekta, na wengi tuliorejea tuna pungufu ya hapo. Nilipoanzisha kijishamba cha marejea shuleni kwetu, mzazi mmoja alikuja kuniuliza: "Mwalimu, udongo ukila, sisi tutakula nini?" Sikuwa na jibu la haraka. Kumwambia mtu mwenye nusu hekta apumzishe robo yake kwa msimu mzima ni kumwambia afunge kula ili ardhi ishibe.

Sababu ya pili ni soko. Benin iliwahi kusifiwa kwa mukuna. Katika miaka ya 1990 maelfu ya wakulima wa kusini mwa nchi hiyo waliupanda, kwanza kwa sababu uliua nyasi sugu zilizowashinda jembe. Lakini sehemu ya mvuto ilikuwa kuuza mbegu kwa miradi iliyokuwa ikizisambaza. Miradi ilipopunguza kununua, wengi waliacha. Huku kwetu tuna somo la karibu zaidi, nalo ni mbaazi. Wakulima wa Tanzania walizipanda kwa wingi, zikilisha udongo na mfuko kwa pamoja, soko likiwa India. Agosti 2017 India ikaweka ukomo wa tani 200,000 kwa mbaazi kutoka nje. Bei ikaporomoka, na kuna waliochoma mbaazi kama kuni. Mwaka 2021 India ilifungua tena mlango, ila aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Sababu ya tatu ndiyo inayotuhusu zaidi sisi tuliorejea, nayo haizungumzwi katika semina za kilimo. Ni ardhi yenyewe. Faida ya mbolea ya kijani huonekana msimu wa pili na wa tatu. Nani atapanda marejea katika shamba la kukodi, akijua kwamba mwenye shamba akiona udongo umekuwa mweusi atapandisha kodi au atalichukua? Nani atalisha udongo wa itongo lenye kesi? Baada ya Mkataba wa Arusha wa Agosti 2000, Burundi iliunda mwaka 2006 tume ya taifa ya ardhi na mali nyinginezo, ijulikanayo kwa kifupi CNTB, ili kuamua migogoro kati ya waliorejea na waliobaki. Muda wa tume hiyo ulimalizika Machi 2022. Migogoro haikumalizika nayo. Na tangu 2017 zaidi ya watu laki mbili wengine wamerejea kwa msaada wa UNHCR, wengi wao kutoka kambi za Kigoma. Kila anayerejea anahitaji mahali pa kusimika jembe.

Kwa hiyo ninaposikia afisa akilaumu uvivu wa mkulima, najiuliza kama yeye mwenyewe angepaka rangi nyumba anayoweza kufukuzwa kesho. Hati ya ardhi, hata ile ya kijiji yenye mihuri miwili, ni pembejeo kama mbegu.

Njia zinazowezekana kwa mwenye shamba dogo

Je, basi tuache? La. Katika nchi zetu zimeonekana njia tatu ambazo haziombi mtu afunge kula.

Njia ya kwanza ni kuchanganya. Mbaazi hukua polepole mwanzoni, hivyo zinaweza kupandwa siku moja na mahindi bila kuyabana. Mahindi yakivunwa, mbaazi hubaki, hudondosha majani na baadaye hutoa chakula. Njia hii inafaa Kumoso, Imbo na pwani ya ziwa, kwenye joto. Kule milimani kwenye baridi mbaazi hudumaa, na pia zingezuia maharage ya msimu B, ambayo hakuna mama wa Kirundi atakayekubali kuyakosa.

Ya pili ni kupokezana. Marejea au mukuna hupandwa katikati ya mahindi yaliyokwisha kupata nguvu, kama wiki sita hivi baada ya kuota, ili mahindi yanapokauka mmea huo uendelee na unyevu uliobaki. Mukuna ukiwahi sana hupanda juu ya mahindi na kuyaangusha, kwa hiyo wakati ndio kila kitu.

Ya tatu ni pembezoni: mpaka wa shamba, kingo za makinga maji, kipande kilichochoka hadi hakirudishi hata mbegu. Anza na kipande hicho kilichokufa. Hakuna anayepoteza chakula kwa kupanda marejea mahali ambapo mahindi yalikwisha kukataa.

Na hata hili la kutoliwa si la kweli moja kwa moja. Magharibi mwa Kenya majani machanga ya mmea huu huu ni mboga ya heshima, Wajaluo wanaiita mitoo, na akina mama huiuza sokoni kwa mafungu. Majani tu, lakini. Mbegu za marejea zisiliwe wala zisimwagiwe kuku, maana krotalaria zina sumu. Mbegu za mukuna nazo zina kemikali inayovuruga mwili, na hazifai kuchemshwa kama maharage ya kawaida.

Nikiri pia kosa langu, huenda likamsaidia mwingine. Mara ya kwanza nilichelewa kukata. Marejea yalikuwa yamekomaa, mabua magumu kama kuni, nikayafukia na kupanda mahindi juma lile lile. Mahindi yakaota ya njano kuliko ya jirani, na wanafunzi wakanicheka. Sababu ni kwamba mabua makavu yakianza kuoza, vijidudu vya udongo hula kwanza nitrojeni iliyopo kabla ya kuachia chochote. Dawa yake ni kukata maua yanapoanza kuchomoza, kufukia yakiwa laini, na kusubiri kama wiki mbili kabla ya kupanda.

Tusitoke kwenye tope tukaingia kwenye mtego

Wapo watakaosoma haya na kusema basi, tuache mbolea ya dukani. Hapana. Mwaka 2021 serikali ya Sri Lanka ilipiga marufuku mbolea za viwandani ghafla, ikitaka nchi nzima ilime kwa mbolea asilia. Marufuku ilitangazwa Aprili, na kufikia Novemba ilikuwa imelegezwa. Mavuno ya mpunga yalikuwa yameshaanguka, na nchi iliyokuwa ikijitosheleza ikaagiza mchele kutoka nje. Udongo haubadilishwi kwa tangazo la redio.

Tena mikunde huvuna nitrojeni tu kutoka hewani. Fosforasi haipo hewani. Udongo usio na fosforasi hautoi marejea wala mahindi, na vinundu havijengeki. Vilima vingi vya Burundi vina udongo wenye tindikali kali, ambao huifunga hata fosforasi iliyomo, na huko chokaa ndiyo huanza kabla ya yote. Jambo la kutia moyo ni kwamba fosforasi ipo jirani: Minjingu, mkoani Manyara, kuna mwamba wa fosfati unaochimbwa na kutengenezwa mbolea. Mkulima mwenye akili ataacha mikunde imletee sehemu ya nitrojeni, na fedha kidogo aliyo nayo ainunulie fosforasi na chokaa. Urea itapungua hadi konzi chache mahindi yakifika magotini, badala ya mifuko.

Nafasi ya wafanyabiashara

Hapa nawageukia ndugu zangu wa mpakani. Kinachokosekana zaidi leo ni mbegu. Mtu akishawishika kupanda marejea hajui aende duka gani, kwa kuwa kampuni za mbegu hupenda mahindi chotara ambayo mkulima hurudi kuyanunua kila mwaka. Marejea na fiwi mkulima hujivunia mbegu mwenyewe. Hiyo si biashara ya kampuni kubwa, ni biashara yenu: kilo tano hapa, kilo kumi kule, kati ya anayezo na anayezitafuta.

Lakini ifanyike kihalali. Mbegu ya kupanda si sawa na maharage ya kula. Inahitaji cheti cha afya ya mimea kutoka nchi inakotoka, na taasisi za kuthibitisha ubora zipo: TOSCI upande wa Tanzania, ONCCS upande wa Burundi. Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo Burundi iliingia 2007, ina utaratibu rahisi wa forodha kwa mizigo isiyozidi dola 2,000, kwa bidhaa zilizo kwenye orodha. Nchi zetu zikague orodha hiyo na masharti ya vyeti kwa kumfikiria mama mwenye kilo kumi za fiwi kichwani. Akidaiwa karatasi zile zile za mwenye lori, atapita kichochoroni, na ugonjwa wa mimea utapita naye.

Serikali nazo zina la kufanya, na halihitaji fedha nyingi. Katika orodha za ruzuku, mbegu za mikunde ya kurutubisha ziwekwe pamoja na mifuko, ili mkulima achague. Mashamba ya shule yarudishiwe kazi yake ya kuwa mahali pa kuzalisha mbegu kwa ajili ya kijiji. Na kesi za ardhi za waliorejea ziamuliwe, kwa sababu hakuna anayeweka akiba katika benki asiyojua kama kesho itamfungulia mlango.

Kijishamba chetu cha shule sasa kina misimu mitatu. Msimu wa kwanza haukuonyesha kitu. Wa pili udongo ulianza kushika maji. Mwaka huu yule mzazi aliyeniuliza watakula nini alikuja tena, safari hii na kikopo, akaomba mbegu. Sikumuuliza atazipanda wapi, lakini alinieleza mwenyewe: kwenye kile kipande cha mteremko kilichomshinda, kwa kuwa kesi yake ya itongo imekwisha na kipande hicho sasa ni chake.